Fedha na Jina la Fedha

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Fedha ni madini meupe yachimbwayo ardhini, yafanyiwayo bangili, vipuli na mikufu. Na fedha ni ujira alipwao mtu kwa kazi yake, anunulie chakula na mavazi. Wazee waliotutangulia hawakukosea walipoviita vitu hivi kwa jina moja, maana zamani vilikuwa kitu kimoja hasa. Aliyeshika rupia mkononi alishika madini yenyewe, na kama angaliipeleka kwa sonara ikayeyushwa motoni, sehemu kubwa ya mali yake ingalibaki. Leo sivyo. Itazame sarafu yo yote iliyomo mfukoni mwako, msomaji, hutaona humo hata chembe ya fedha. Jina limebaki, madini yameondoka.

Je, yaliondokaje? Na yalipoondoka, tulipunjika au hatukupunjika? Maswali haya yaweza kujibiwa kwa njia nyingi. Njia moja iliyo nyepesi ni kuvitazama visanduku viwili vya sarafu viuzwavyo huko Marekani kwa watu wapendao kuweka akiba ya sarafu nzuri. Sarafu za visanduku hivyo zina sura zilezile, maandishi yaleyale na mwaka uleule. Lakini kimoja kina sarafu za fedha, na cha pili kina sarafu za shaba na nikeli. Ukijua kwa nini viko viwili badala ya kimoja, utakuwa umejua sehemu kubwa ya historia ya pesa katika karne iliyopita.

Kwanza yafaa ujue sarafu hizo ni za namna gani. Kiwanda cha sarafu hupiga sarafu za aina mbili. Ziko za matumizi, ambazo hupigwa kwa mamilioni, zikamwagwa katika magunia, zikagongana na kukwaruzana hata kabla hazijafika dukani. Ziko na nyingine zisizokusudiwa kununulia kitu. Hizi watu wa kazi ile huziita pruufu, yaani sarafu za kuthibitisha, kwa kuwa hapo kale zilipigwa chache tu ili mafundi wapate kuona kama mihuri ya chuma imechongwa sawasawa. Kisahani cha madini husuguliwa mpaka king'are. Muhuri nao husuguliwa vivyo hivyo. Kisha sarafu hupigwa polepole kwa nguvu nyingi, tena si mara moja kama zile za sokoni, bali mara mbili au zaidi, ili kila unywele wa sura na kila ncha ya herufi itokeze wazi. Uwanja wake huwa kama kioo cha kujitazamia, na sura iliyochomoza huwa nyeupe isiyong'aa, mfano wa kitu kilichonyunyiziwa unga mwembamba. Ajuaye thamani yake haishiki usoni kwa kidole, maana mafuta ya kidole huacha alama isiyofutika kwa urahisi.

Kiwanda cha sarafu cha Marekani kilianzishwa kwa sheria ya tarehe 2 Aprili, 1792, katika mji wa Philadelphia. Sheria ile ilikuwa kali. Mtumishi wa kiwanda ambaye angepunguza fedha au dhahabu iliyopaswa kuwamo katika sarafu, kwa hila au kwa kujitafutia faida, adhabu yake ilikuwa kifo. Usistaajabu. Watu wa wakati ule waliijua sana tabia ya wafalme na mawaziri wa Ulaya, ambao kila walipokosa pesa za vita waliyeyusha sarafu nzuri wakazichanganya na shaba, wakawarudishia raia sarafu dhaifu zenye jina lilelile. Kwa hiyo taifa changa lilitaka dola yake iaminiwe, na njia iliyojulikana ya kuifanya iaminiwe ilikuwa kuhakikisha kuwa uzito wa madini ni kweli. Tangu mwaka wa 1837 sarafu za senti 10, za senti 25 na za senti 50 zilikuwa na sehemu 9 za fedha na sehemu 1 ya shaba, ambayo kazi yake ilikuwa kuyatia madini ugumu yasiishe upesi kwa kushikwashikwa. Kiasi hicho hakikubadilika kwa zaidi ya miaka 120.

Sarafu za pruufu zilianza kuuzwa kwa raia mnamo mwaka wa 1858. Baadaye kazi hiyo ilisimama na kuanza mara kadhaa. Vita Kuu ya Pili iliisimamisha baada ya mwaka wa 1942, ikaanza tena mwaka wa 1950. Mwaka ule ziliuzwa seti 51,386. Kila seti ilikuwa na sarafu 5, za senti 1, 5, 10, 25 na 50, na bei yake ilikuwa dola 2 na senti 10. Ukizijumlisha sarafu hizo kwa majina yake utapata senti 91 tu, na tofauti iliyobaki ndiyo iliyokuwa gharama ya ufundi. Watu walizipenda mno. Mwaka wa 1964 idadi ya seti zilizouzwa ilifika 3,950,762. Wakati ule hapakuwa na haja ya kuuliza kama seti ni ya fedha au si ya fedha. Seti zote zilikuwa za fedha, kwa kuwa hata sarafu za sokoni zilikuwa hivyo.

Kisha mambo yakageuka. Fedha si madini ya mapambo peke yake; ilihitajiwa sana kwa filamu za picha, kwa vyombo vya umeme na kwa viwanda vingi. Wachimbaji hawakuweza kutosheleza haja hiyo, na bei ikapanda. Mwaka wa 1963 ilifika dola 1 na senti 29 kwa aunsi. Sasa ufanye hesabu pamoja nami. Sarafu ndogo za thamani ya dola 1, kama vile robo dola 4, zilikuwa na fedha gramu 22.5. Bei ya aunsi ikifika dola 1 na senti 38, madini yaliyomo katika robo dola 4 huwa na thamani ya dola 1 kamili. Ikipita hapo hata kidogo, mtu mwerevu hazipeleki sarafu zake dukani. Huzipeleka kwenye tanuri. Serikali ilikuwa imekaribia mahali ambapo kila sarafu iliyoipiga ingekuwa hasara kwake na faida kwa mwenye kuiyeyusha.

Watu hawakungoja mpaka hesabu ikamilike. Walianza kuzificha sarafu katika mitungi, makopo na masanduku. Nusu dola mpya yenye sura ya Rais John F. Kennedy, iliyotolewa mwaka wa 1964 miezi michache baada ya kuuawa kwake, ilitoweka sokoni karibu mara tu ilipotolewa. Wenye maduka wakakosa chenji. Serikali iliwalaumu wakusanyaji wa sarafu kwa upungufu huo, na kwa muda wa miaka 3 ikaacha kabisa kuuza seti za pruufu, ikaondoa hata herufi ndogo zinazoonyesha sarafu imepigwa katika mji gani, ili watu wasiwe na la kuchagua.

Sisi tuna methali isemayo, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mambo ya sarafu methali hii hutimia kwa namna ya ajabu. Sarafu mbili zikiwa na jina moja na sheria ikizihesabu sawa, lakini moja ina madini bora kuliko nyenzake, ile iliyo bora hujificha nyumbani, na ile iliyo duni ndiyo itembeayo sokoni kutoka mkono hata mkono. Jambo hili wataalamu wa uchumi wameliita kwa jina la Thomas Gresham, mfanya biashara wa Uingereza wa karne ya 16, lakini lilikuwa likijulikana kabla yake.

Tarehe 23 Julai, 1965, Rais Lyndon B. Johnson aliitia sahihi sheria mpya ya sarafu. Senti 10 na senti 25 zilinyang'anywa fedha yote. Badala yake zilifanywa kwa bamba la shaba nyekundu katikati, lililofunikwa juu na chini kwa ngozi nyembamba ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Nusu dola iliachiwa sehemu 40 za fedha katika 100 mpaka mwaka wa 1970, kisha mwaka wa 1971 nayo ikafuata nyenzake. Mafundi hawakuyachagua madini hayo kwa kubahatisha. Nchi ile ilikuwa imejaa mashine za kuuzia vinywaji na sigara, ambazo huipima sarafu kwa ukubwa wake na kwa namna inavyopitisha umeme, na sarafu mpya ilibidi iweze kuzipita mashine hizo kama ile ya zamani. Kwa macho ilikuwa nyeupe, kwa upana ilikuwa sawa, ila kwa uzito ilipungua: robo dola ya fedha ilikuwa na gramu 6.25, na ile mpya gramu 5.67. Mwenye kupenda methali angaliweza kusema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sarafu za zamani ziliendelea kutoweka. Mwaka wa 1967 serikali ilikataza kuziyeyusha au kuzipeleka nje ya nchi, na katazo hilo likaondolewa mwaka wa 1969, wakati ambapo zilikuwa karibu zimekwisha sokoni.

Seti za pruufu zilirudi mwaka wa 1968, zikipigwa sasa katika mji wa San Francisco na kutiwa herufi S. Bei ilikuwa dola 5. Mnunuzi alilipa zaidi ya mara mbili ya bei ya 1964, akapata sarafu zenye kung'aa vizuri pengine kuliko za kwanza, lakini fedha iliyokuwamo ilikuwa ile ndogo ya nusu dola peke yake, na baada ya 1970 hapakuwamo fedha kabisa. Wengi walinung'unika. Mwishoni Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka wa 1990, na tangu mwaka wa 1992 kiwanda kikaanza kutoa seti za namna mbili kila mwaka: seti ya kawaida, na seti ya fedha.

Hebu sasa tuziweke mezani zote mbili tuzilinganishe. Tuchukue za 1992, zenye sarafu 5 kila moja. Senti 1 na senti 5 za seti ya fedha ni zilezile za seti ya kawaida, hazina fedha. Tofauti imo katika sarafu 3 tu: senti 10, senti 25 na senti 50. Humo mna fedha halisi gramu 19 na zaidi kidogo, kiasi kilekile kilichokuwamo katika seti ya 1964. Kwa hiyo asomaye juu ya sanduku maneno "seti ya fedha" asidhani kwamba kila kilichomo ni fedha. Hata dola za rangi ya dhahabu zilizotiwa katika seti tangu mwaka wa 2000 hazina fedha wala dhahabu. Ni shaba iliyochanganywa na madini mengine. Mwaka wa 2019 kiwanda kiliacha mchanganyiko wa zamani, na sarafu za fedha za seti hizo zikafanywa kwa fedha safi ya sehemu 999 katika 1,000.

Kwa macho si rahisi kuzitenga. Ukiziangalia usoni, sarafu za fedha zina weupe laini zaidi, na zile za nikeli zina weupe wa kijivu kidogo. Lakini yahitaji jicho lililozoea. Ukitaka kujua kwa hakika, tazama ukingo. Sarafu ya kawaida ina mstari mwekundu wa shaba ukizunguka katikati ya ukingo wake, na sarafu ya fedha ni nyeupe tupu. Mizani nayo haidanganyi, kwa sababu fedha ni nzito kuliko shaba na nikeli. Ama kwa ufundi, seti hizi mbili hazipitani. Mihuri imechongwa kwa mikono ileile ya mafundi, na kung'aa ni kulekule.

Vipi thamani? Hapa ndipo penye mafunzo. Sheria inazihesabu seti zote mbili za 1992 kuwa senti 91. Mwenye duka hana lazima ya kumpa mwenye fedha zaidi ya anavyompa mwenye shaba. Basi hiyo ni thamani ya kwanza, thamani ya jina. Thamani ya pili ni ya madini, na hii hupanda na kushuka kila siku kwa bei ya soko la dunia. Mnamo Januari 1980 bei ya fedha ilikaribia dola 50 kwa aunsi, na sarafu nyingi sana za zamani zikatupwa tanurini; kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa imeanguka sana, na waliochelewa kuuza wakajuta. Thamani ya tatu ni ya uchache na mapenzi ya watu. Mwaka wa 1999, zilipoanza kutolewa robo dola za majimbo, ziliuzwa seti za fedha 804,565, na seti za kawaida zaidi ya milioni 2 na nusu. Kila mtu akaitaka ile ya fedha, bei yake ikapanda mara kadhaa, kisha hamu ilipopoa ikashuka tena, wala fedha iliyokuwamo haikupungua hata gramu moja.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote haukutoka katika seti ya fedha. Mwaka wa 1975 muhuri mmoja wa senti 10 ulitumiwa bila kutiwa herufi S. Zajulikana sarafu 2 tu zilizopigwa kwa muhuri huo, nazo zilitoka katika seti za kawaida, za shaba na nikeli. Moja iliuzwa mnadani mwaka wa 2019 kwa dola 456,000. Madini yake hayafiki hata senti chache. Basi waona, msomaji, kwamba thamani haikai mahali pamoja. Mara imo katika madini, mara imo katika sheria, na mara imo katika nyoyo za watu.

Usidhani kwamba habari hizi ni za Marekani tu. Hapa kwetu zilitokea mapema zaidi. Rupia iliyotumiwa Kenya mpaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na fedha sehemu 11 katika 12. Baada ya vita ile bei ya fedha ilipanda, na thamani ya rupia ikapanda nayo, hata mizani yake na pauni ya Uingereza ikavurugika. Serikali ya kikoloni iliiondoa rupia, ikaleta florini mwaka wa 1920, yenye fedha nusu, kisha mwaka wa 1921 ikaleta shilingi ya Afrika Mashariki, yenye fedha robo tu. Shilingi ile ilikuwa na uzito wa gramu 7.776, na fedha iliyokuwamo haikufika gramu 2. Mwaka wa 1948 hata robo hiyo ikaondolewa, ikawa shaba na nikeli. Kwa miaka 28 hivi fedha ilitoka katika 11 kwa 12 hata ikawa si kitu.

Hapo pana tofauti ya kufikiriwa. Huko Marekani jambo hili lilijadiliwa na wabunge waliochaguliwa na raia, ingawa raia wengine hawakulipenda. Huku kwetu liliamuliwa na Halmashauri ya Sarafu iliyokaa London, na mkulima wa Nyeri au mvuvi wa Lamu hakuulizwa neno. Aliletewa sarafu, akaambiwa jina lake, akaipokea. Kenya ilipopata sarafu zake yenyewe mwaka wa 1966, zenye sura ya Rais Jomo Kenyatta, hazikuwa na fedha nazo. Lakini kwa mara ya kwanza aliyezitolea neno alikuwa benki kuu ya nchi yenyewe.

Turudi sasa katika swali letu: je, tulipunjika? Nadhani jibu la haki lina sehemu mbili. Sarafu isiyo na fedha hununua mkate vilevile kama iliyo nayo, maadamu muuzaji anaipokea na serikali inaikubali kwa kodi. Nchi ingaliendelea kupiga sarafu za fedha wakati madini yamekuwa ghali kuliko jina, sarafu zote zingaliishia tanurini, na biashara ingalikosa chenji. Kwa hiyo kuondoka kwa fedha hakukuwa wizi peke yake. Kulikuwa na sababu.

Lakini sehemu ya pili ya jibu haifai kusahauliwa. Fedha ilikuwa mlinzi. Haikuweza kuongezwa kwa amri, kwa kuwa ilibidi kuchimbwa kwa jasho. Mtawala aliyetaka kupunguza thamani ya sarafu ilimlazimu kuichafua, na uchafu huo ulionekana katika mizani na katika jiwe la sonara. Pesa zisizo na mlinzi huyo zaweza kuongezwa kwa kupenda, na zikiongezwa kupita kiasi, jina hubaki shilingi lakini kikapu cha sokoni huzidi kuwa chepesi. Upungufu huo hauonekani ukingoni mwa sarafu. Huonekana katika bei ya unga. Waliotunga sheria ya 1792 waliweka adhabu ya kifo kuyalinda madini. Sisi, ambao hatuna madini ya kulinda, tuna kazi iliyo ngumu zaidi, nayo ni kulinda uaminifu wa wale tuliowapa mamlaka ya kuzitoa pesa, kwa sheria, kwa hesabu zilizo wazi na kwa raia wajuao kuuliza.

Ama yule atakayenunua seti ya pruufu, na achague kwa kujua. Atakaye madini, achukue ya fedha, lakini apime kwanza ni gramu ngapi azilipiazo. Apendaye ufundi wa kuchonga, ya kawaida yamtosha, tena kwa bei ndogo. Atafutaye faida, akumbuke walionunua Januari ya mwaka wa 1980. Na ukipewa chenji leo dukani, igeuze sarafu moja mkononi, utazame ukingo wake, kisha ujiulize ni nani aliyetoa ahadi iliyoandikwa juu yake.